Ngozi Iliyopigwa Pasi

Maître Michelle hakunisalimu. Avoka yule, wakili wa mtaa wetu, huwa anasalimu kila kitu, hata mbwa wa mlinzi, lakini Jumatano ile aliingia studio akatupa foto kumi na nne juu ya kaunta, moja moja, kama mtu anayecheza karata na jirani asiyempenda.

"Djo, aba ni bagonjwa ao ni bantu ba kwenda ku ndoa?"

Nikatazama. Foto zile nilizichapa mwenyewe Jumatatu. Ya juu kabisa ilikuwa ya mama mdogo Julienne, mdogo wa mama yangu, ambaye amenilea tangu mama afariki. Alikuwa amenyoosha mikono miwili mbele ya kitambaa cheupe ili vidonda vyake vionekane. Vidonda havikuwapo. Mikono ilikuwa laini na yenye kung'aa, mikono ya mtu ambaye hajawahi hata kumenya kitunguu.

"Unajua munganga wa kiwanda alisema nini kule Golf, mbele ya komisheni nzima?" Maître aliuliza. "Alisema, kama ule muto unaletaka ngozi ya namna hii, na yeye ataenda kuoga mule pamoja na bibi yake. Bakacheka, Djo. Ata ule mwenye kuandika alicheka."

Mimi nacheka na kila kitu. Kanisani nacheka, kwenye kilio nacheka, shuleni walinifukuza siku tatu kwa kucheka wakati mkuu wa shule alipoteleza mbele ya bendera. Siku ile midomo yangu ilikataa.

Mwezi wa pili bwawa la maji machafu la kiwanda lilipasuka, likamwagikia mto wetu mdogo unaopita chini ya mtaa. Mto huo ndio bomba letu. Mama mdogo anauza samaki wakavu wa Kasenga, na kabla ya kuwapeleka sokoni anawaosha mtoni. Wiki ya pili ngozi yake ilianza kupasuka, kuanzia vidole mpaka viwiko, na miguu mpaka magotini. Sasa fikiria mikono ya namna hiyo ndani ya samaki wa chumvi. Watu kumi na wanne walikuwa hivyo. Kiwanda, kupitia munganga wake, yaani daktari wao, kilisema hakijui lolote. Basi ikaundwa komisheni, inayokutana Golf, mtaa wa matajiri, na komisheni ikasema haitaamuru dawa wala kisima kabla ya kuona dosie, yaani faili, yenye foto.

"Kesho saa tisa mchana banafunga dosie," Maître alisema. "Bakifunga, hakuna hospitali, hakuna kisima, na mama yako ataendelea kushuka mu ule muto. Bantu baliniambia niende kwa fotografe wa katikati ya muji. Nikasema hapana, Djo ni mutoto wa ile kartie, mutaa ni yake, atafanya kwa roho moja. Iko wapi ile roho?"

Akaondoka bila kufunga mlango. Nilisikia aibu. Aibu yangu haikai sana, ndani ya dakika tano inageuka hasira, na hasira inatafuta mtu.

Mtu alikuwa karibu. Patroni Yassine, bosi wangu na mwenye studio, alikuwa nyuma ya pazia, anakunywa chai.

Lazima nieleze kwanza maana ya pasi. Wazee wa patroni walitoka Maniema, na marehemu baba yake alikuwa mshonaji wa suti hapa Lubumbashi. Patroni alirithi kwake sheria moja: suti haitoki dukani na mikunjo. Alipoacha cherehani akachukua kamera, sheria ikahamia kwenye sura za watu. Kwenye ordinateri yetu, kompyuta ya studio, kuna folda inaitwa Bateja, yaani wateja. Foto yoyote ukiitia humo, programu inaipasua tabaka mbili. La chini linabaki na rangi na vivuli, la juu linabaki na vitu vidogo vidogo: matundu ya ngozi, vinyweleo, chunusi, makovu. La chini linasuguliwa mpaka vivuli viungane. La juu linafifishwa mpaka chunusi zikate roho. Kisha inaongezwa nuru kidogo, na tabaka zinarudishwa pamoja. Sekunde sita. Sisi tunaita kupiga pasi. Bibi harusi mwenye ndui anatoka kama yai lililomenywa, na mama mkwe analia kwa furaha.

Kwa hiyo Jumatatu sikuzitia foto za Maître katika Bateja. Nilizifungulia folda ya peke yake, nikaiandika jina Avoka, kwa herufi kubwa. Naapa.

"Patroni, nani aliguza folda ya Maître?"

"Ni miye," alisema, kikombe mdomoni. "Niliona unasahau kuzipiga pasi. Nikakusaidia."

"Ukanisaidia!"

"Sasa ungefanya nini? Bantu batoke mu studio yangu na bile bipunje ku mikono? Na jina yangu iko ku mugongo ya foto?"

"Patroni, bile bintu njo balikuya kupigwa foto! Ile ni ugonjwa, haiko mukunjo ya suruali!"

"Usinipigie kelele, Djo. Weye ulifungua folda bila kuniambia ni ya nini. Mu nyumba ya pasi ukiacha nguo juu ya meza, itapigwa pasi."

Ubaya wa patroni Yassine ni kwamba hata akikosa, anakosa kwa methali. Nilitamani kumwaga ile chai. Badala yake nikachukua kadi ya kamera, nikafungua foto za asili, zile ambazo hakuna programu iliyozigusa, nikaipeleka ya mama mdogo moja kwa moja kwenye mashini ya kuchapia.

Ilipotoka, mikono ilikuwa bado laini.

Haikuwa laini kama ile ya kwanza, lakini kidonda hakikuonekana hata kimoja. Nikasema, mashini. Nikaingia kwenye vipimo vyake, nikazima kila kitu kinachojiita urembo. Nikachapa tena. Laini. Nikarudi kwenye programu, nikapasua foto tabaka mbili kwa mkono wangu, na safari hii nikafanya kinyume cha pasi: sikugusa la chini, nikalizidishia nguvu la juu, ili kila tundu la ngozi lisimame. Yakasimama mambo ya ajabu. Mikono ya mama mdogo ikajaa punje ndogo ndogo kama sukari, haina unywele, haina tundu. Ukuta uliopakwa chokaa. Nikafungua ya pili, ya tatu, ya tano: ukuta, ukuta, ukuta.

"Labda lansi ya kamera iko na buchafu," patroni alisema nyuma yangu. Alikuwa ameacha chai.

"Lansi ikiwa na buchafu, inachagua mikono na kuacha kitambaa?"

Akainama karibu na kioo. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Djo, weye unajua kuondoa kidonda. Unashindwa kukirudisha?"

Nilimwangalia. Alimaanisha. Na kwa hasira niliyokuwa nayo, na saa ukutani ikisema saa sita, nikaona ni wazo la akili.

Kati ya wote kumi na wanne, mmoja tu alitoka kweli kwenye kadi: mzee Mwape, mlinzi wa usiku, ambaye siku ya foto alikuja amechelewa, moja kwa moja kutoka kazini. Kisigino chake kilikuwa na ufa mrefu unaogawanyika mara mbili, na kando yake ngozi imeinuka kama rangi ya mlango wa zamani. Nikaukata ufa ule, nikaupeleka kwenye kiganja cha mama mdogo, nikaugeuza kidogo, nikaulainisha kingo. Ulikaa vizuri sana. Niliutazama nikafurahi, Mungu anisamehe. Nikaupeleka kwenye mkono wa Chanda, anayeuza makala, mkaa wa kupikia. Nikaupeleka kwenye goti la mtu wa tatu. Halafu nikaziweka foto pamoja kwenye kioo, nikaona ufa mmoja umetembelea watu watatu kama mgeni anayetafuta pa kulala. Hata kipofu angejua. Munganga angecheka tena, na safari hii angekuwa na haki, na Maître wangemvua joho lake.

Nikafuta kazi yote.

"Ilikuwa inafanana na ya kweli," patroni alinung'unika.

"Ilikuwa bongo, patroni, uongo mutupu. Na si weye utafungwa juu yake."

Lakini kisigino cha mzee Mwape kilikataa kutoka kichwani. Kamera ile ile, taa ile ile, siku ile ile. Kwa nini yeye tu? Nikachukua pikipiki mpaka mtaani.

Mama mdogo alikuwa ndani ya lupango, ua wa nyumba yake, amekaa kwenye kiti cha plastiki, mikono ameivalisha mifuko ya sashe na kuifunga kwa uzi, anapanga samaki. Pembeni yake alikuwa Cathy, yule anayepamba mabibi harusi, amekuja kumsaidia.

"Mama mudogo, jambo. Siku ya foto mulijipakala nini?"

Kabla hajajibu, Cathy aliruka. "Ah, Djo! Uliona kazi? Nilitumia boite tatu, kopo tatu nzima! Bengine nilianza nabo saa kumi na moja ya asubui. Ule mama Chanda peke yake alikula nusu ya boite. Na sikubaitisha feza, nilifanya kwa roho."

"Kazi gani?"

"Kubafunika! Kwanza glycerine, kisha ile ya rangi, kisha poda. Mzee Mwape tu alinikosa, alikuwa ku kazi. Alifika vile vile, maskini."

Nilikaa chini kwenye udongo. Watu kumi na watatu waliitwa kupigwa foto za vidonda, wakaamka alfajiri kuvifunika vidonda. Na mimi nilikuwa nyuma ya kamera, nikawaambia nyoosha mkono, geuza, asante, mwingine. Macho yangu yamezoea ngozi isiyo na kitu kiasi kwamba sikuona kwamba hakuna kitu.

Kisha nikasimama, na yaliyotoka kinywani mwangu sikuyapima.

"Mama mudogo, muko na akili? Banawaita bagonjwa, munaenda kama babibi ba arusi? Nilihangaika na mashini tangu asubui, kumbe mashini iko nzima, ni ninyi! Munganga anawacheka kule Golf, anasema ataoga mu muto yenu! Kesho banafunga dosie! Muliwaza nini? Banawapa zawadi ya uzuri?"

Cathy aliweka samaki chini. Kuku mmoja alitoka lupango.

Mama mdogo alianza kufungua uzi wa mfuko wa kulia kwa meno yake, taratibu. Akautoa. Akaanza wa kushoto.

"Punguza sauti," alisema. "Uko mu lupango yangu, na sikukuzaa lakini nilikupanguza."

Nikakaa tena kwenye udongo.

"Ile siku ya kwanza munganga alikuya hapa, weye haukukuwa. Alisimama pale ku mulango na kitambaa ku pua. Hakuingia. Akaangalia mikono yangu kwa mbali, kama muntu anaangalia choo ya jirani. Kisha akageukia mwenzake, akasema mu Kifaransa, anawaza miye sisikie: ni buchafu tu, ni bantu ba kukosa kunawa. Miye, Djo! Miye Julienne! Miaka makumi mbili bantu ba Golf banakulaka samaki nilinawa na hii mikono!"

Alikuwa amesimama sasa.

"Sasa weye unakuya unasema, mama mudogo, banaomba foto, munganga ataiangalia. Niende vile? Akaseme tena kwa bengine, si nilibaambia? Nilisema hapana. Safari hii ataona muntu mwenye kunawa. Sisi bote tulisema vile. Kama ni ujinga, ni ujinga yetu, lakini usinipigie kelele mbele ya Cathy."

Nilitaka kusema nisamehe, lakini hasira ilikuwa bado imejaa mdomoni. Ilikuwa imebadilisha anwani tu. Haikuwa tena ya Cathy, wala ya mama mdogo, wala ya patroni na chai yake. Ilikuwa inapanda kuelekea Golf.

"Tutarudilia foto," nilisema. "Kesho asubui, hapa hapa. Bila mafuta, bila poda."

"Na miguu?"

"Na miguu."

"Mbele yako?"

"Mpaka magoti tu, mama mudogo. Cathy atashika kitenge."

Alifikiri. "Nitanawa na sabuni mbele ya kila muntu," alisema. "Baone kama najua kunawa."

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi patroni Yassine alikuwa mlangoni mwa lupango, kamera shingoni. Sikumwita. Alisema kamera ni yake na haiendi peke yake kwenye vumbi. Watu kumi na wanne walikuwa wamepanga mstari na mabeseni, kwa maji ya mtungi yaliyonunuliwa kando. Wakaanza kunawa. Ni hapo nilipojua ujinga wangu mwingine: sabuni kwenye ngozi iliyopasuka si jambo la kutazama. Chanda aliuma kitambaa. Mzee Mwape aliimba wimbo wa kanisa, ubeti mmoja ule ule, kwa sauti kubwa. Mama mdogo hakutoa sauti. Alisugua mpaka mabaki yote ya rangi ya Cathy yakaelea juu ya maji, akainua mikono ikichuruzika.

Patroni aliitazama. Huyu ndiye aliyeona mikono hiyo kwenye kioo akasema imesahauliwa kupigwa pasi.

"Usipige na flashi," aliniambia. "Flashi kutoka mbele nayo ni pasi. Uache jua ikuye ku kando. Kila ufa itaangusha kivuli yake."

Alipiga magoti mwenyewe kwenye tope la sabuni, na suruali yake yenye mkunjo mmoja ulionyooka, akapiga foto za wote kumi na wanne. Za mikono, za miguu, na za sura, ili isisemwe ni mikono ya mtu mwingine. Mama mdogo aliiangalia lansi kama anayeangalia mtu aliyemwibia. Studioni nilizichapa bila kugusa tabaka lolote. Patroni alipiga muhuri wa jina lake nyuma ya kila moja, akaubonyeza kwa nguvu.

Saa nane na nusu tulikuwa Golf. Komisheni ilikuwa inakutana katika villa ambayo kiwanda kiliiazimisha kwa wema wake, na wema huo ulikuwa na mlinzi aliyekataa kuwaruhusu watu wetu kukaa kwenye majani. Walisimama barabarani. Tuliingia watatu: Maître, mama mdogo na mimi. Mezani alikuwa mama Martine, mkuu wa komisheni, na mwandishi wake, na munganga wa kiwanda, daktari Franck, mwenye saa kubwa na karatasi nyingi nyeupe.

Daktari alizipitia foto zetu mpya haraka. Kisha akatoa zile za kwanza, akazipanga mezani, za zamani juu, mpya chini. Akatabasamu.

"Madame, juzi hawa watu walikuwa na ngozi ya malaika. Leo wana vidonda. Ndani ya siku tatu! Siku hizi vijana wana programu, kwa vidole viwili wanakupa ndevu, wanakupa mimba. Nani alizitengeneza?"

Maître alinikanyaga mguu kabla sijafungua mdomo. Akaanza kueleza, poda, folda, pasi, na kila alivyoeleza ndivyo ilivyozidi kuonekana uongo. Mimi niliyeyajua yote nilisikia uongo. Mwandishi alianza tena kucheka chini kwa chini. Ningemrukia, haki ya Mungu, na leo ningekuwa naandika haya kutoka pahali pengine.

Mama mdogo alisimama. Hakuomba ruhusa. Alizunguka meza mpaka kwa daktari, akasogeza kikombe chake cha kahawa kando, akaweka mikono yake yote miwili juu ya karatasi zake, karibu kabisa na foto.

"Munganga, iko hapa," alisema. "Futa."

Daktari alirudisha kiti nyuma.

"Unasema ni mashini iliweka. Basi futa. Weye ni musomi. Djo anafutaka na vidole bibili, weye futa na kumi."

Alifungua vidole. Tangu asubuhi hakuwa amepaka kitu, na ngozi iliyokauka ilichanika pale pale, kwenye kifundo cha kidole gumba. Maji ya rangi ya pinki yakatoka taratibu yakaingia kwenye karatasi nyeupe, juu ya maandishi yake.

Mwandishi aliacha kucheka. Mama Martine alivaa miwani, akainuka, akaja karibu, akainama juu ya mikono ile bila kitambaa puani. Aliitazama muda mrefu, akatazama foto mpya, akatazama tena mikono.

"Wengine wako wapi?" aliuliza.

"Barabarani, Madame," Maître alisema. "Mlinzi anawakatalia majani."

"Waingie wote. Dosie haifungwi leo." Akamgeukia mwandishi. "Foto ziache kwanza. Andika unachokiona kwa macho yako." Kisha akamgeukia daktari. "Na wewe utawapima sasa hivi, mmoja mmoja. Kwa kuwashika."

Walianza kuingia, mzee Mwape mbele, vumbi la visigino likibaki juu ya zulia. Daktari alipapasa mfuko wa koti, akafungua mkoba wake, akaufunga.

"Sina glavu," alisema. "Sikujua kwamba nitashika watu."

"Umekuja kupima wagonjwa bila glavu?"

"Nilikuja kuangalia foto, Madame."

Dereva wake akatumwa kutafuta duka la dawa. Hakukuwa na viti vya kutosha, basi watu wetu wakasimama ukutani, kuzunguka meza yote. Mama mdogo yeye alivuta kiti cha ngozi kilichokuwa wazi karibu na daktari, akaketi. Mikono yake hakuitoa juu ya karatasi zile.

"Tutangoja," alisema.